Kina Sabuni wa Sanyuanli

Kabla sijaaga, nyinyi vijana wa ofisini mlikuwa mkiniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini orodha ya kontena iliyobandikwa ukutani kwetu inasomwa kutoka chini kwenda juu. La pili, kwa nini wazee wa Kariakoo wakipiga simu hawaulizi kama Twaha yupo, huuliza kama Sabuni yupo. Nilikuwa nikiwajibu kwa mkato kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Sasa kazi sina, muda ninao, na mke wangu amekwisha kuniambia kwamba habari za marobota zimemtosha, niwapelekee wenyewe. Basi zipokeeni. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara nikiutaja mtanicheka.

Niliingia Guangzhou kwa ufadhili wa masomo. Nilisoma lugha mwaka mzima, kisha ufundi wa nguo, na nilipomaliza nilijua kwa Kichina majina ya kila aina ya uzi lakini sikujua namna ya kuomba kazi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Wafanyabiashara wetu walikuwa ndio wanaanza kuhamia huku kutoka Bangkok na Dubai, mmoja mmoja, kila mmoja akidhani ni yeye aliyeigundua Guangzhou. Treni ya chini ya ardhi ilikuwa haijafika Sanyuanli, mtaa wenye yadi za mizigo. Mtu alitembea kwa miguu kutoka masoko ya viatu ya Liuhua, nyuma ya stesheni, akiwa na sampuli kwapani, akitafuta mtu yeyote mweusi amuulize chakula cha halali kinapatikana wapi. Wengi waliniuliza mimi. Niliwapeleka kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu, nikawatafsiria bei, na mmoja wao akaniambia, "Kijana, wewe unafaa kwenye mizigo." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Mahojiano yalikuwa bakuli la tambi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa msimamizi wa wapakiaji, mzee mfupi aliyeitwa Lao Liang. Alinipa tepu ya kupimia, kipande cha chaki na glavu moja. Nilipomuuliza ya pili iko wapi, alinionyesha mkono wake, ameivaa yeye. Kazi yangu ilikuwa kupima kila robota linaloingia, kupata mita za ujazo, ambazo sote tuliziita sibiemu, na kuziandika kwa chaki ubavuni. Nilipima siku nzima kwa madaha. Nilijiona mhandisi. Jioni milango ya kontena ikakataa kufunga, na marobota matatu yakabaki chini yakitutazama.

Lao Liang hakupiga kelele. Alinishika mkono, akauweka juu ya robota, katikati, palipofura. Nilikuwa nimepima pembeni, kwenye kona, ambako robota huwa jembamba. "Lina tumbo," akasema. "Mpime mtu kwenye tumbo, si kwenye kifundo cha mguu." Nyinyi leo mna mashine ya taa nyekundu, mnabonyeza tu, lakini nawaona bado mnaielekeza kwenye kona. Pimeni tumboni.

Mengine aliyonifundisha mnayajua kwa sababu nimewapigia kelele nayo miaka yote. Viatu chini, nguo juu. Vyombo vya kioo katikati, vikumbatiwe na nguo. Acha upana wa kiganja mlangoni, kwa sababu mzigo hupumua njiani. Na kila siku, kabla robota la kwanza halijainuliwa, Lao Liang alisimama mlangoni mwa kontena na chaki yake akaniuliza swali lile lile: "Nani anashuka kwanza?" Maana kontena lina mlango mmoja tu. Kilichoingia mwanzo kinakaa ndani kabisa, kwenye giza, na kinatoka mwisho. Kilichoingia mwisho kinakaa pale mlangoni, na Dar es Salaam kinatoka kwanza. Pale mlangoni tulipaita barazani. Kila mwenye mzigo, kama angeelewa, angetaka kukaa barazani.

Lakini hawakuelewa, na hilo ndilo chimbuko la hadithi yangu.

Wakati ule hakuna aliyeweza kujaza kontena peke yake. Watu walichangia, wanane, tisa, kumi, na wakaunda chama kidogo cha kuchangia kontena. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Kondo, muuza viatu wa Kariakoo, mtu mnene, mcheshi, aliyejua kila laoban, yaani mwenye duka, wa Liuhua kwa jina na aliyeweza kumfanya mchuuzi aliyesema "meiyou", yaani hakuna, akumbuke ghafla kwamba ipo, tena ya rangi zote. Siwezi kumsema vibaya Mzee Kondo. Mwanachama akiugua yeye ndiye aliyempeleka hospitali. Mgeni akipotea stesheni yeye ndiye aliyemfuata. Hongo hakuchukua. Alichokipenda ni kuombwa. Nani anaingia kwenye kontena hili na nani anangoja lijalo, nani anakaa barazani na nani anazikwa ndani, yote yalikuwa kwenye karatasi moja iliyokunjwa kwenye mfuko wa shati lake, kwa mwandiko mbaya kuliko wa daktari. Watu walimfuata hadi mgahawani wakimwita baba, na yeye akapapasa mfuko akasema, "Tutaona, tutaona." Asubuhi ya kupakia aliniwekea mdomo sikioni: huyu mbele, yule nyuma. Wengine wote walikatazwa kuingia yadi, eti watakanyagwa na makuli.

Na mimi nilikuwa mtu wake. Tena nilikuwa na sababu. Kila marobota yakipangwa hadi juu, kule karibu na paa hubaki upenyo mdogo usiotosha robota. Upenyo ule ulikuwa wangu. Niliusukumia mfuko mmoja wa shangazi kaja, ule wa plastiki wa miraba, wa kumpelekea mama yangu Magomeni: chupa ya chai, kitambaa, viatu vya wapwa zangu. Haukuandikwa popote. Mzee Kondo alijua, akafumba jicho, nami nikafumba langu juu ya mfuko wake wa shati. Hatukuwahi kukubaliana kwa maneno. Haikuhitajika.

Basi akaja Bi Saada. Mama wa Unguja, mjane, mwenye duka la nguo za watoto Kariakoo, mdogo wa mwili na mpole wa sauti. Makontena mawili mfululizo jina lake lilirukwa, kwa sababu hakujua kumwita mtu baba. Kwenye mkutano, juu ya mgahawa wa tambi, akasimama akauliza, "Mwenyekiti, hiyo orodha iliyo mfukoni, sisi tutaiona lini?"

Mzee Kondo akacheka. "Bi Saada, orodha ni kama nguo ya ndani. Ipo, lakini haionyeshwi."

"Basi ya chama hiki imeanza kunuka," akasema Bi Saada kwa upole ule ule. "Ifuliwe."

Watu wakaangua kicheko. "Haya leteni sabuni!" Mzee Kondo akajibu, na tangu siku hiyo wote waliokuwa upande wa Bi Saada wakaitwa kina Sabuni. Nataka kuwa mkweli hapa: aliyelieneza jina hilo kuliko wote ni mimi. Bi Saada akipita kwenye soko la Shisanhang kununua nguo, nilikuwa nikiwaambia wenzangu, "Mfichieni shati, Sabuni huyo." Nimefikiri sana tangu wakati ule kwa nini mtu anayetaka mambo yaende sawa lazima abandikwe jina la kuchekesha. Kwetu Dar tungemwita mnoko. Mwizi tunamwita mjanja, na anayeuliza daftari liko wapi tunamwita mnoko. Kwenye chama chetu alikuwa Sabuni, na wakati wa chai watu walimuuliza kama yeye ni ya unga au ya mche.

Mwenzake mkubwa alikuwa Mwalimu Idrisa, mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha chaki akaja kufuata mabegi ya shule. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alipenda taratibu kama wengine wanavyopenda pilau. Chama hakikuwa na katiba. Akaiandika, kwenye daftari la mistari, ina vifungu zaidi ya thelathini, kimojawapo kikieleza nani azime feni baada ya mkutano. Walidai uchaguzi, na kwa mshangao wa kila mtu wakashinda. Nadhani watu walichoka kumwita mtu asiye baba yao baba. Bi Saada akawa mwenyekiti, Mwalimu Idrisa katibu, na orodha ikatoka mfukoni ikaenda ukutani, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Kanuni ilikuwa moja, na waliishangilia kwa makofi: wa kwanza kuleta mzigo yadi, wa kwanza kupakiwa.

Mmeliona kosa? Mimi nililiona pale pale, kabla makofi hayajaisha. Hao watu wanyoofu kuliko wote Guangzhou walikuwa hawajawahi kusimama ndani ya kontena hata siku moja. Wa kwanza kupakiwa ndiye wa mwisho kushuka. Walikuwa wamempangia kila mtu aliyewahi mapema adhabu ya kukaa gizani, na barazani wamempa mzembe.

Mzee Kondo naye aliliona. Siku ya pili alinikalisha mgahawani, akaninunulia bakuli kubwa.

"Bwana mdogo, umenyamaza?"

"Nimenyamaza, mzee."

"Endelea hivyo hivyo. Wewe umeajiriwa kupima, hukuajiriwa kushauri. Wafuate orodha yao neno kwa neno. Kontena hili ndilo la Idi. Likifunguliwa Dar na mambo yakawa vululu vululu, wenyewe watakuja kuniomba." Akapapasa mfuko wa shati, ambao bado ulikuwa na karatasi yake. Aliendelea kutembea nayo kama mtu aliyestaafu anavyotembea na funguo za ofisi.

Nikakubali. Nilijiambia kwamba si uongo, ni kunyamaza tu.

Wa kwanza kuleta mzigo, bila shaka, akawa Bi Saada. Wiki nzima kabla ya kupakia, marobota yake manne yalikuwa yadi, na mimi nikaenda kuyapima. Nilipomaliza akaniambia, "Twaha mwanangu, wewe ni mtu wa vipimo, njoo nikuonyeshe vyangu." Akatoa kwenye mkoba fungu la nyuzi, za kila rangi, zimefungwa pamoja kwa kitambaa. Kila uzi ulikuwa na urefu wake, na kila mmoja una kipande cha karatasi chenye jina. Akina mama wa Kariakoo waliompa oda walikuwa wamewapima watoto wao bega hadi goti kwa uzi, wakaukata, wakaandika jina. Yeye alikuja nazo hadi Shisanhang, akazunguka kibanda kwa kibanda akiweka uzi juu ya gauni mpaka ulingane.

"Kila uzi ni mtoto," akasema. "Huyu ni Ashura, huyu Mwanaidi, huyu kibonge hapa ni Shabani, mama yake kasema kanzu isimbane. Nguo ya Idi ikifika baada ya Idi ni tambara, mwanangu. Mwaka huu nikiwaangusha hawa, mwakani hakuna atakayenipa uzi. Duka nafunga."

"Itafika tu, Bi Saada," nikasema, nikaandika chaki ubavuni mwa robota bila kumtazama. Nilijua meli ingefika Dar siku chache kabla ya sikukuu. Nilijua pia kwamba kontena la watu tisa, kwa kuhesabu na kugombana, huchukua siku tatu kushushwa, na kwamba mwezi wa mfungo makuli huondoka mapema. Aliye barazani angepata mzigo wake siku ya kwanza. Aliye ndani kabisa angeupata watu wanakula ubwabwa wa Idi.

Siku ya kupakia kina Sabuni walifanya jambo jipya: waliwaruhusu wanachama wote yadi. Wakaja tisa, wamevaa vizuri kama wanakwenda harusini. Baridi ya Desemba ilikuwa imeanza, na Mwalimu Idrisa alikuwa amevaa koti, orodha ikiwa mkononi badala ya mfukoni, kwa makusudi. Lao Liang akasimama mlangoni na chaki yake.

"Nani anashuka kwanza?" akaniuliza.

"Fuata orodha," nikamjibu kwa Kichina.

Akanitazama. Alikuwa haelewi Kiswahili wala vyama vyetu, lakini aliona marobota manne yenye namba moja yakisogezwa yaingie mwanzo, naye alijua maana yake. Akafuta chaki kwenye suruali, akapiga mluzi, makuli wakaanza. Bi Saada akaingia ndani kabisa. Kisha namba mbili, kisha namba tatu. Nami, kama kawaida, kabla ukuta wa marobota haujafunga nyuma, nikasukuma mfuko wangu wa shangazi kaja juu ya marobota ya Bi Saada, kwenye upenyo. Mfuko ule ulikuwa na viatu vya Idi vya wapwa zangu watatu.

Kontena lilikuwa limefika nusu, na dereva wa trela amekwisha kuanza kuangalia saa kwa sababu bandarini Huangpu geti hufungwa saa kumi, Bi Saada alipokuja kusimama karibu yangu. Fungu la nyuzi lilikuwa mkononi.

"Twaha mwanangu, nilikuwa wa kwanza. Huko Dar si ndiyo yangu yatatoka kwanza?"

Kunyamaza ni rahisi mpaka mtu akuulize. Nilimwona Mzee Kondo nyuma yake akitikisa kichwa taratibu. Nilimwona Lao Liang amekaa kwenye kitoroli, glavu moja, ananitazama. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hapana, Bi Saada. Yako yatatoka mwisho."

Nikamweleza. Nilitumia boksi la viatu kuonyesha, nikatia vijiwe kimoja kimoja kisha nikavitoa. Alielewa kabla ya kijiwe cha pili. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akageuka.

Sasa mnadhani watu wangeruka, wakashusha mzigo, wakapakia upya. Mtu mwingine yeyote angefanya hivyo. Hawa walikuwa kina Sabuni. Mwalimu Idrisa akainua mkono. "Ndugu wajumbe, kanuni ya upakiaji haiwezi kubadilishwa na mtu mmoja. Inahitaji mkutano." Akafungua daftari palepale, juu ya tairi la trela, akaandika ajenda. Dereva akapiga honi. Mwalimu Idrisa akaandika pia kwamba honi ilipigwa.

Hoja ilikuwa kushusha na kupakia upya, orodha isomwe kutoka chini, wa mwisho aingie mwanzo. Kila aliyekuwa juu ya orodha aliipenda. Kila aliyekuwa chini, na ambaye sasa alijikuta kwa bahati yuko barazani, aligundua ghafla mapenzi makubwa kwa katiba.

"Kanuni ni kanuni!" akasema Mzee Kondo, ambaye viatu vyake vilikuwa vya mwisho kabisa kwenye orodha. "Nyinyi si mlitaka karatasi ukutani? Hiyo karatasi. Nguo ishafuliwa, sasa mwataka kuirudisha topeni?"

Wakapiga kura. Wanne wakaafiki, wanne wakakataa. Wote tukamgeukia Bi Saada.

"Mimi sipigi," akasema.

"Bi Saada!" Mwalimu Idrisa sauti ilimkatika. "Ni kura yako tu imebaki!"

"Kifungu cha tisa, Mwalimu. Tuliandika mimi na wewe. Mwenyekiti hapigi kura juu ya jambo lenye mzigo wake."

"Lakini ni nyuzi zako hizo! Ni duka lako!"

"Ndiyo. Nikipiga kura leo kwa ajili ya mzigo wangu, Mzee Kondo alikuwa na kosa gani?" Akaanza kuzikunja nyuzi, taratibu, moja moja, kama mtu anayekunja mkeka baada ya wageni kuondoka. "Andika, Mwalimu. Kura zimelingana."

Na katiba yao wenyewe ilisema kura zikilingana hali ibaki kama ilivyo. Mwalimu Idrisa aliisoma kwa sauti, macho yamemjaa maji. Mzee Kondo hakucheka. Alitazama chini, na nadhani hata yeye hakutarajia kwamba yule mama angeweza. Dereva akawasha gari.

Nawaambia ukweli, nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile, wala sijakiona tena. Mtu anashika kamba inayomwokoa na kuiachia kwa sababu si zamu yake. Nilikuwa nimemcheka miezi yote hiyo. Nikakumbuka maneno mengine ya lile daftari, kifungu cha mwanzo kabisa, ambacho nilikidharau kilipokuwa kikisomwa: kila mwenye mzigo ndani ya kontena ana sauti juu ya kontena hilo.

"Mimi nina mzigo ndani," nikasema.

Mwalimu Idrisa akakodoa. "Wewe? Wewe ni mpimaji. Hayupo kwenye orodha mtu anayeitwa Twaha."

"Haumo kwenye orodha. Ni mfuko wa shangazi kaja. Uko juu ya marobota ya Bi Saada. Na kontena lililopita ulikuwepo mwingine, na la kabla yake, yote tangu nianze kazi. Sijawahi kuandika hata mmoja."

"Twaha, nyamaza," akasema Mzee Kondo kwa sauti ya chini, na sauti ile ilikuwa ya huruma kuliko ya hasira. Alijua ninajichafua mbele ya watu wote walionipa kazi.

Mwalimu Idrisa alipitisha kidole juu ya kifungu mara tatu. Mtu mwingine angesema tu "piga kura upesi tuondoke". Yeye alifikiri, na dereva akafikiri kwa honi. "Mzigo upo ndani," akasema hatimaye. "Umeingia kwa makosa, lakini upo. Basi sauti ipo. Ndugu Twaha, kura yako?"

"Naafiki. Orodha isomwe kutoka chini."

"Watano kwa wanne. Hoja imepita." Akaandika. "Azimio la pili: mfuko wa ndugu Twaha, ambao haupo kwenye orodha, utolewe, usisafiri. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga, hata mimi. Lao Liang alikuwa amesimama tayari, ameelewa kwa macho tu. Akanivua tepu shingoni, akanipa glavu yake ili niwe nazo mbili, tukashusha na kupakia upya, mimi na makuli na wanachama waliovaa vizuri, Mwalimu Idrisa na koti lake, na Mzee Kondo akibeba viatu vyake mwenyewe kuvipeleka gizani huku akitukana kwa lugha tatu. Marobota manne ya Bi Saada yaliingia mwisho. Niliacha upana wa kiganja, milango ikafunga, dereva akaondoka kama mwizi. Kontena lilifika getini kwa wakati. Mimi nilibaki nimesimama yadi na mfuko wangu miguuni, na watu wakipita wananiambia, "Pole, Sabuni." Hapo ndipo jina lilipohamia kwangu, na halikuondoka tena.

Siku mbili kabla ya Idi, simu ilipigwa ofisini kutoka Kariakoo. Alikuwa msichana wa dukani kwa Bi Saada, na alikuwa anapiga kelele kwa furaha hata sikuelewa zaidi ya "yamefika" na "Shabani kanzu imemkaa". Bi Saada, ambaye siku hizo alishinda kwetu akingoja habari, alichukua simu, akasikiliza, akaketi juu ya robota, akalia mpaka akacheka. Mimi nilijifanya napima kitu.

Wiki ile ile nilipeleka mfuko wangu yadi mapema, kabla ya mtu yeyote, ukapimwa tumboni, ukaandikwa. Twaha, namba moja. Siku ya kupakia kontena lililofuata, Lao Liang akaniuliza nani anashuka kwanza, nikamwambia, kwa aibu kidogo, kwamba ni mimi. Akanichorea duara la chaki pale mlangoni nikae barazani. Mzee Kondo, ambaye kuanzia siku zile alikuwa ndiye anayesimama pale ukutani akiwakaripia wageni wasome kutoka chini, akasema mfuko haukufungwa vizuri, acha aukaze kamba. Sikumtilia maanani.

Mwezi na zaidi ukapita ndipo mama aliponipigia kutoka Magomeni. Vitu amevipata, vya kwanza kabisa kushuka; Idi ilishapita, lakini wapwa wamevaa viatu na kulala navyo.

"Ila mwanangu nikuulize," akasema. "Toka Uchina yote hiyo, mche wa sabuni ya kufulia umeniletea wa nini? Huku hakuna sabuni?"

"Sabuni, mama?"

"Ilikuwa juu kabisa. Tena umeifunga kwenye kikaratasi kimekunjwa kunjwa, kina majina ya watu, mwandiko sijui wa nani, hausomeki. Kimechoka kama kilikaa mwaka mzima mfukoni. Nikutunzie?"

Niligeukia dirishani na simu mkononi. Ng'ambo ya yadi Mzee Kondo alikuwa akibishana na mgeni mmoja mbele ya ukuta, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mfuko wa shati lake ulikuwa umelala bapa.

"Karatasi tupa, mama," nikasema. "Sabuni fulia."